Taa Isiyo na Swichi

Taa ile niliiunda kwa mikono yangu, kwenye meza yangu ya kurekebishia simu pale sokoni Tulia, na niliiunda bila swichi makusudi. Nasema hivyo mapema ili mtu asianze kutafuta wa kulaumu. Kazi yake ilikuwa moja tu: ikae kwenye paji la uso wangu, iwake nyekundu hafifu, inionyeshe masega ndani ya mzinga bila nyuki kujua kuna mtu. Ile ya kabla yake ilikuwa na swichi ya kubonyeza. Asali ilipoingia kwenye swichi, taa ikawa inazima na kuwaka inavyotaka yenyewe, mimi nikiwa juu ya mti na baba yuko chini ananong'ona kwa hasira. Kwa hiyo safari hii nikaiacha swichi kabisa. Niliunganisha waya moja kwa moja kwenye betri, nikazungushia tepu mara nyingi, nikajiambia basi, tumemaliza hayo maneno.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kumzika mama. Nilikuja na begi moja, nguo za wiki mbili, na vifaa vyangu vya kazi kwa sababu huwa siviachi popote. Kabla ya hapo nilikaa Mtito Andei miaka sita, nikirekebisha simu karibu na pale malori yanapolala. Madereva ni wateja wazuri. Simu zao huanguka, hukanyagwa, humwagikiwa chai, na wote wana haraka ya kuondoka, kwa hiyo hawakai kukuhadithia maisha yao. Niliipenda kazi ile na nilipenda kwamba hakuna aliyejua mimi ni binti wa nani.

Wiki mbili zikawa miaka mitatu. Sababu yake ilikuwa nyuki.

Baba ana mizinga tisa ya magogo, ile ambayo kwetu huitwa miatu, imening'inia kwenye mikwaju na migunga kando ya mto usio na maji. Aliichonga mwenyewe, isipokuwa mmoja alioachiwa na babake. Mwaka ule mama alipofariki, nyonga ya baba nayo iligoma. Akawa anatembea kwa kuuburuta mguu mmoja, na kupanda mti ikawa ndoto. Ndugu zangu wawili wa kiume wanaishi Nairobi, na wote wawili wanaogopa nyuki kuliko wanavyomwogopa Mungu. Nakumbuka jioni moja baada ya mazishi, mvua ilikuwa imepita na mizinga imejaa, nikamkuta baba amesimama chini ya mkwaju anatazama juu. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikamwonea huruma. Nikamwambia nitapanda mimi.

Ieleweke kwamba kwetu mwanamke hapandi kwenye mzinga. Hakuna mahali palipoandikwa, na hakuna adhabu, lakini mzinga ni kitu cha wanaume tangu siku gogo linapochongwa mpaka siku linapooza. Sisi tunangoja nyumbani, tunachuja, tunatia kwenye chupa, tunalamba vidole. Baba alienda ndani akarudi na koti lake la zamani na suruali yake, akanipa. Akasema, "Giza likiingia." Hiyo ilikuwa ruhusa, na ilikuwa pia sharti.

Tangu siku hiyo nikawa napanda giza likishaingia, nimevaa nguo zake, na watu walioniona kwa mbali waliona mwanamume. Mwenye duka anayenunua asali yetu, mzee wa Kiislamu aliyehamia Tulia kutoka Garissa, alikuwa akimuuliza baba nani anampandia siku hizi. Baba alimjibu kwamba ana mtu. Alisema hivyo hivyo kanisani, na alisema hivyo kwa jirani yetu, mzee mwenzake wa nyuki ambaye hapumziki kuuliza maswali. Ana mtu wa kupanda. Mtu mzuri, hana maneno mengi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na chupa zangu mkononi.

Mwanzoni nilicheka. Halafu nikaanza kuuona ubaya wake. Nilipomwambia baba atafute kijana amlipe, mimi nirudi kazini kwangu, alisema watu watauliza yule wa kwanza ameenda wapi, kwao ni wapi, wamekosania nini. Nikamwambia aseme ukweli basi. Hilo hakulitaka, na nilijua anachoogopa: kwamba watamcheka, mzee ambaye mizinga yake inafunguliwa na msichana, na kwamba mtu ataanza kusema asali yake si ile tena. Kwa hiyo nilikuwa nimeshika nafasi ya mwanamume ambaye hayuko, na mtu ambaye hayuko hawezi kuacha kazi. Kila msimu baba alisema ni huu tu. Kila msimu nilifungua meza yangu pale Tulia, nikatengeneza simu mbili kwa siku, nikatazama magari yanayoelekea upande wa barabara ya Mombasa. Nilikuwa nimefungiwa bila mlango wowote kufungwa, na aliyenifungia ni mtu ninayempenda.

Mwaka wa tatu, mwezi wa mavuno, rafiki yangu wa Mtito Andei akanipigia. Meza iliyo karibu na yake inaachwa, mwenyewe anaolewa Nunguni. Alisema ataniwekea mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo kuna mtu mwingine anaitaka. Nilimwambia baba asubuhi hiyo hiyo, tukiwa tunaosha ndoo. Nilimweleza taratibu kwamba nataka kwenda, kwamba nina miaka thelathini na minane, kwamba sitaki kuvaa suruali yake tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mawingu yanakusanyika, na kwamba mzinga wa ule mkwaju wa mtoni lazima uvunwe leo jioni.

Nilienda sokoni nikiwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika hafai kushika chuma cha kulehemu.

Betri niliitoa kwenye kompyuta ya mapajani iliyokufa. Ndani ya betri za zile mashine huwa kuna vipande sita vya mviringo, vinene kuliko betri za tochi, na mara nyingi ni kimoja au viwili tu vilivyoharibika, vilivyobaki vinafaa kabisa kuchajiwa tena. Nilivipima kimoja kimoja kwa mita. Kilichosoma vizuri nilikichaji kwenye sola mpaka kikajaa. Nilihitaji pia kibao cha kushikilia zile taa ndogo za LED, nikapata kutoka kwenye tochi iliyonyeshewa mvua, kibao cha duara chenye taa nne nyeupe. Nikang'oa mbili za katikati, nikaweka mbili nyekundu nilizokuwa nimezitoa kwenye redio. Mguu mrefu upande wa chanya, rezista moja mbele ya zote ili betri isiziunguze, kazi ya dakika kumi.

Nilipounganisha, nyekundu ziliwaka na zile nyeupe mbili zilizobaki pembeni zikanyamaza kimya. Nilijua ninapaswa kuzing'oa. Lakini baba alikuwa ameshapiga simu mara mbili, na nikawaza kwamba tochi ile ilinyeshewa, taa zake zimekufa, na taa iliyokufa haimdhuru mtu. Nikaziacha. Nikashonea kibao kwenye kipande cha kitambaa, betri nikaiweka kwenye kijifuko kwa nyuma, na kwa kuwa bizimu ya mkanda ilikuwa imevunjika, nikafunga kichwani kwa blada, ule ukanda wa mpira wa tyubu ambao ukishakaza haulegei mpaka uukate.

Hapa lazima nieleze habari ya rangi, maana kila kitu kilitokana nayo. Nyuki haoni nyekundu. Baba hakusoma hilo popote. Alijua tu kwamba wazee walivuna kwa kijinga cha moto kinachofuka, na lile kaa jekundu halikuwasumbua nyuki, lakini mtu akija na tochi nyeupe wanaipanda kama mvua. Ndiyo maana nikatengeneza taa yenye wekundu wa kaa la moto. Tulikuwa tumekubaliana juu ya hilo tangu mwanzo, baba na mimi, na nadhani ndicho kitu pekee tulichowahi kukitengeneza pamoja.

Tulifika mtoni giza likiwa limeshika. Nilivaa taa kwanza, halafu kofia yenye neti juu yake, nikaichomeka neti ndani ya kola ya koti na baba akanifunga shingoni kwa kamba. Taa ilikaa ndani ya neti kwa sababu ikikaa nje hupakwa asali. Mikononi nilivaa soksi nene. Baba alishika mwisho wa kamba ya ndoo, nikapanda.

Kutoka chini hadi kwenye mzinga ule ni mita chache za kamba, kisha matawi manne. Wakati wa kushuka baba huyahesabu kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, kila mguu wangu unapogusa tawi: imwe, ili, itatu, inya. Tabia hiyo ilikuwa inanikera. Niliona ananihesabia kama mtoto anayefundishwa kutembea.

Nilipuliza moshi, nikafungua kifuniko cha gogo, nikaanza kukata masega. Yalikuwa mazito. Nilishusha ndoo ya kwanza, nikaivuta tena, na nilikuwa nikiinua kichwa kuchungulia ndani zaidi nilipogonga paji la uso kwenye tawi lililokuwa juu ya mzinga. Si kwa nguvu. Nilisikia kitu kimekatika, nyekundu zikapotea, na kabla sijalaani, zile taa mbili nilizodhani zimekufa zikawaka. Nyeupe pe. Niliona kila kitu kwa mara ya kwanza ndani ya mzinga ule, asali inang'aa, na nyuki kwa maelfu wote wamegeuza vichwa.

Baadaye nilielewa, nikajiona mjinga. Taa nyekundu hutosheka na umeme mdogo, nyeupe inataka uliopanda zaidi. Ukizifunga kwenye njia moja, ni kama pipa lenye bomba mbili: ile ya chini ikiwa wazi, maji hayapandi kufikia ya juu. Nyekundu zilikuwa zinaishusha nguvu yote. Nyeupe hazikuwa zimekufa hata kidogo, zilikuwa zinangoja. Nilipogonga tawi na waya wa nyekundu ukakatika, zamu yao ikafika. Fundi wa miaka mingi, na sikuliwaza hilo.

Walinijia usoni. Neti ikawa nyeusi kwa nyuki, na ile taa ikawaka katikati yao. Nilifanya kitu cha kwanza kilichonijia, nikafunika paji la uso kwa kiganja cha kulia juu ya neti. Mwanga ukapungua, lakini wakahamia mkononi, na soksi haizuii mwiba wa nyuki. Nikaanza kuchomwa vidoleni, kwenye kifundo, shingoni mahali kamba ilipolegea. Mkono wa kushoto ulikuwa umekumbatia tawi. Ili nishuke nilihitaji mikono yote miwili. Nikiuondoa wa kulia, mwanga unatoka na wanarudi machoni. Nikitaka kuizima taa, lazima nifungue neti, na nikifungua neti wanaingia. Swichi hakuna. Blada imekaza kichwani. Nilisimama pale juu ya tawi, mkono mmoja usoni kama mtu anayelia, na sikuweza kwenda juu wala chini.

Niliogopa sana, na katikati ya woga ule nilijawa na hasira. Nilikuwa na hasira na baba, na mama kwa kufa, na ndugu zangu, na zaidi na mimi mwenyewe. Niliwaza kwamba nitakufa nikiwa nimevaa suruali ya baba yangu na watu watasema yule mtu wake wa kupanda ameanguka.

Baba aliniita kutoka chini, akauliza ni mwanga gani huo. Nikamwambia. Akaniuliza kama naweza kuizima, nikasema siwezi wakiwa hapa. Akasema polepole, kwa sauti ile ile ya kuhesabia, "Funika hivyo hivyo. Usitoe mkono mpaka uwasikie wameondoka. Wakiondoka, ng'oa huo waya, ushuke gizani. Miguu yako inajua njia."

Nilimuuliza wataondokaje. Nikasikia mlio mdogo wa kitufe, na chini ya mkwaju kukawaka mwanga mweupe. Ilikuwa simu yake, ile ya mulika mwizi, tochi yake kidogo tu lakini kwenye giza lile ilionekana vizuri. Aliinyanyua juu ya kichwa chake. Halafu akaanza kutembea.

Baba hakuwa na neti. Hakuwahi kuvaa, chini hakuhitaji. Aliondoka na mguu wake mmoja wa kuburuta, akiutikisa mwanga ule hewani, akielekea upande wa vichaka, polepole mno. Nilimwita arudi. Nilimwita mara nyingi. Niliona kwa vidole vilivyoachana kidogo jinsi nyuki walivyotoka kwangu, kwanza wachache, kisha wote, wakashuka kumfuata. Mkono wangu ukawa mwepesi. Nikafungua kamba ya shingo, nikaingiza mkono, nikashika waya nyuma ya kichwa na kuuvuta mpaka ukatoka na ngozi ya tepu. Giza likaniangukia. Kule vichakani ule mwanga mdogo uliendelea kwenda, ukisimama, ukienda.

Nilishuka. Hapakuwa na mtu wa kunihesabia, kwa hiyo nilijihesabia mwenyewe kwa sauti, na nilikuwa nalia. Miguu yangu ilijua njia.

Nilimkuta hatua kama mia mbili hivi kutoka kwenye mti. Alikuwa ameiweka simu juu ya kichuguu, inawaka, na nyuki wameifunika wakizunguka. Yeye mwenyewe alikuwa amesogea mbali nayo kidogo kwa kutambaa, amejifunika shati kichwani. Nikamvalisha kofia yangu, nikampitisha mkono begani, tukaenda nyumbani bila kusema neno, na ile simu tukaiacha pale iwamalize. Njiani alitapika mara moja. Nyumbani nilimtoa miiba kwa ukucha, nikaacha kuhesabu kwa sababu kuhesabu kulinitia hofu. Nilitaka twende hospitali papo hapo. Akakataa, akasema ameumwa na nyuki maisha yake yote. Nilikaa kando yake nikisikiliza pumzi yake mpaka majogoo.

Kulipokucha macho yake yote mawili yalikuwa yamefunga. Midomo ilikuwa imefura, masikio yamesimama. Mimi mkono wa kulia ulikuwa kama mkate. Nikamtafuta mwenye pikipiki, akatubeba sote wawili, baba katikati, mpaka zahanati.

Kulikuwa na watu kwenye benchi, na mmoja wao alikuwa jirani yetu, yule mzee wa maswali, amekuja kwa ajili ya kifua chake. Alituangalia, akakohoa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza kitu. Nilimkalisha baba mwisho wa benchi. Sikumwambia ni nani yuko pale. Muuguzi alitoka, akamtazama uso, akashtuka, akamuuliza, "Mzee, ni nyuki hao wote? Ulipanda mti na hiyo mguu yako?"

Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilijua jibu, nilikuwa nimelisikia kwa miaka mitatu. Nikawa naangalia sakafu.

Baba aligeuza uso wake ule uliofura upande wa sauti. "Mimi sikupanda," akasema. "Mwenye alikuwa juu ni huyu msichana wangu. Mimi nilikuwa chini."

Benchi zima likanigeukia. Jirani akasogea mbele. Akauliza, "Huyu? Tangu lini?"

"Miaka tatu," baba akasema. "Na hajawai angusha ndoo hata moja."

Muuguzi alimchukua ndani kumdunga sindano. Mimi nilibaki pale na mkono wangu uliofura nimeupakata, watu wakinitazama, na sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilikuwa nimengoja maneno yale kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kuyangoja. Nililia mbele ya watu wote. Mama mmoja akanipa leso akidhani ni maumivu ya nyuki.

Tukirudi nyumbani nilimwambia baba, kwa sababu niliona ni haki ajue, kwamba aliyemuuliza ni jirani. Nilidhani atashtuka. Alisema, "Si nilimsikia akikohoa mara mbili kabla nifungue mdomo." Kisha akaniambia nimkumbushe kutuma mtu akamletee simu yake, nikamwambia nitaenda mwenyewe.

Niliikuta juu ya kichuguu, imezima, nyuki waliokufa wameizunguka. Niliifuta, nikaichaji, ikawaka. Zile simu hazifi.

Siku ya nne jirani alikuja kutupa pole. Alikuja na maziwa, akakaa, akazungumzia mvua, akazungumzia mbuzi, akazungumzia mchungaji mpya. Chai ikaisha, hakuondoka. Mwishowe akasema kwamba hata yeye magoti yake si yale, na mizinga yake haijafunguliwa msimu mzima, na aliogopa kusema. Akasema mke wa mwanawe ni mwepesi sana juu ya miti, huwa anakatia mbuzi majani. Akaniuliza, akitazama kikombe, kama ninaweza kumwonyesha. Kumbe kila mzee alikuwa amesimama chini ya mti wake. Baba alianza kucheka na midomo yake iliyofura, akajiumiza, akaendelea kucheka.

Nilimfundisha yule dada jioni tano, kwenye mizinga ya jirani na kwenye yetu. Alikuwa mwepesi kuliko mimi. Taa yake niliiunda upya, nyekundu nne na hakuna nyeupe hata moja, na nikaweka swichi kubwa ya kusukuma juu na chini, ile ya magari, nikaifunika kwa kipande cha blada ili asali isiingie. Nilimfanya aizime na kuiwasha mara ishirini akiwa amefumba macho. Baba alisema namchosha mtoto wa watu bure. Niliendelea.

Mwisho wa mwezi nilikuwa Mtito Andei. Baba alinisindikiza mpaka barabarani na mguu wake. Hakusema asante na sikuitaka tena. Aliniambia tu niangalie meza isikae juani.

Msimu uliofuata, jioni moja, nilikuwa nimefungua simu ya dereva wa lori, skrubu zimetandazwa kwenye kifuniko cha chupa, dereva amesimama mbele yangu ananiharakisha. Simu yangu ikalia. Ilikuwa baba. Aliniambia yule dada yuko juu ya mkwaju wa mtoni, taa iko sawa, ndoo ya pili imeshuka. Hakukata simu. Nadhani aliitia simu mfukoni, maana nilisikia kitambaa kikisugua na upepo kwa mbali. Halafu nikaisikia sauti yake ile ya chini. Imwe. Kimya. Ili. Niliweka bisibisi mezani. Itatu. Dereva aliniuliza kama simu yake imekwisha, na sikumjibu. Inya. Palikuwa na kimya kirefu cha kamba, kisha baba akasema kwa simu, "Amefika," akakata.

Dereva alikuwa ananiangalia. Akaniuliza nilikuwa nahesabu nini.